Wauguzi wa Dar es Salaam

Wauguzi, ambao Kariakoo huitwa manesi, historia yao mjini Dar es Salaam haitenganiki na hospitali iliyojengwa mwaka 1897 kwa ihsani ya Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, ilhali Wazungu wakiuguzwa kando, katika hospitali ya Ocean Road. Mwaka 1956 kazi ilihamia Upanga, katika Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ilipewa jina la Muhimbili; na jengo moja la wodi huko hata leo laitwa Sewahaji. Miongoni mwa waliosomea uuguzi, mashuhuri zaidi ni Lucy Lameck wa Moshi, aliyeingia Bungeni na hatimaye serikalini.

Muuguzi wa mzaha, kama Meja Margaret Houlihan wa M*A*S*H, tamthilia ya Kimarekani iliyorushwa tangu 1972 hadi 1983, hakupata nafasi ya kumtangulia muuguzi wa kweli katika fikra za wenyeji, kwani Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994.