Saa moja ya nani?

Majuzi tulimzika mwenzetu wa chumba cha habari. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwatumia wafanyakazi wote tangazo la mazishi kwa barua pepe, saa moja asubuhi. Usiku ule nikaiagiza seva ilitume yenyewe, nikaandika 7, nikalala. Tangazo likatoka saa nne, mwili unaondoka nyumbani! Wengine walikuta kaburi limeshafukiwa.

Nilianza kwa kuilaumu mashine. Kisha nikaamua kuchimba historia yake.

Programu yenyewe inaitwa cron. Ilitoka Bell Labs, Marekani, ndani ya Unix, katika miaka ya 1970. Ile ya mwanzo ilikuwa kama mlinzi wa usiku: kila dakika inaamka, inasoma orodha ya kazi, inafanya zilizofika wakati, inalala tena. Orodha ilikuwa moja kwa kompyuta nzima.

Chuo Kikuu cha Purdue wakataka kila mtumiaji awe na orodha yake. Lakini kuamka kila dakika kusoma orodha za watu wote kungeielemea mashine. Robert Brown akabadili mtindo: kazi zipangwe foleni kwa muda wake, programu ilale mpaka ya kwanza ifike. Mwaka 1987 Paul Vixie akatoa cron yake, bure, nayo ikasambaa hadi kwenye Linux.

Miaka yote hiyo namna ya kuandika amri haikubadilika sana. Kuna nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki. Hakuna nafasi ya kuuliza, saa za wapi? Programu inafuata saa ya seva, na seva yetu ilifuata UTC, saa tatu nyuma yetu. Sisi Waswahili tukishageuza saa moja kuwa 7 tunadhani hesabu imekwisha. Kumbe nilipaswa kuandika 4!

Wamarekani nao huumia. Kila Machi saa zao huruka kutoka 2 usiku hadi 3, na kazi iliyopangwa 2:30 inaweza kupotea kabisa.

Basi mashine ilitii. Nilikwenda kwa mjane kuomba radhi, na sikuthubutu kumtajia seva. Nilisema tu kwamba nilichelewa.