Ndege za maji na virusi ya mafua: zinapimwa namna gani?

KISANGANI – Kuku zikianza kufa moja kwa moja katika parsele ya Kabondo, wengi wanasema: ni Newcastle tu. Pengine wana haki. Lakini kwa macho hakuna mtu anaweza kuitenga na mafua ya ndege. Zote mbili zinaua haraka, zinavimbisha kichwa, zinakata pumzi. Ni laboratwari tu inayoamua.

Na mafua hiyo haiko hadisi ya mbali. Mwezi wa kwanza 2017, ndege za pori zilikutwa zimekufa Lutembe, pembeni ya ziwa Viktoria, Uganda. Zilikuwa buabua za mabawa meupe, ndugu za shakwe wa bahari. Zinazaliwa Ulaya na Asia, halafu zinakimbilia maziwa na mito ya Afrika wakati wa baridi ya kwao. Vipimo vilionyesha virusi ya H5N8. Mwaka uleule ilipatikana katika mabata na kuku za vijiji vya ziwa Albert, Ituri. Na Ituri ni jirani yetu, kwa barabara ya Mambasa na Nia-Nia.

Kupima kunaanza na kijiti chenye pamba. Kinapitishwa ndani ya koo na katika tundu la mavi, kisha kinaingia katika chupa ndogo yenye maji maalumu, ndani ya sanduku ya barafu. Hapo njo kazi inaharibikaka. Baridi ikikatika, kipimo kinakufa; na hapa kwetu kurā ya SNEL tunaijua.

Katika laboratwari, mashini ya PCR inatafuta chembe za urithi za virusi na kuzizidisha mpaka zionekane. Swali la kwanza: ni mafua ya aina A? La pili: ni H5 ao H7? Damu inajibu swali lingine: mwili ulishakutana na virusi zamani? Ndege inaweza kuwa na alama hiyo na iko mzima leo.

Tena, mabata ya pori yanaweza kubeba virusi bila kuugua. Njo maana waganga wa nyama wanapima hata ndege nzima, zenye kunaswa kwa nyavu.

Mwenye kuokota ndege ya kufa asiishike kwa mikono mitupu, asiinyonyoe, asiiuze. Amwite mveterinere wa komini siku ileile: kwa joto la Kisangani, mzoga ukioza, mashini inaweza kujibu “hakuna” na virusi ilikuwamo.