Land Rover Iliyosubiri Kibali

Mwaka juzi nilinunua katika mnada wa mali chakavu gari aina ya Land Rover Series III, lile refu ambalo wazee wetu hulijua kwa jina la "mia na tisa", kwa sababu umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 109. Lilikuwa limelazwa juu ya matofali nyuma ya ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Magugu yalikuwa yameota na kupenya sakafu, nyigu wamejenga ndani ya taa ya kushoto, na kwenye mlango bado zilisomeka herufi mbili za namba ya zamani: ST. Nililipa shilingi 2,300,000. Mwenzangu wa idara alipoliona likishushwa kutoka kwenye lori aliniuliza kama nimenunua gari au ushahidi. Alikuwa anatania, lakini sikupata neno bora zaidi la kulieleza.

Chini ya kiti cha dereva, pale penye tangi la mafuta, palikuwa na daftari la safari lililoliwa nusu na mchwa. Kurasa za mwisho zilisalimika. Ingizo la mwisho ni la Machi 1993, kwa mwandiko wa dereva aliyefundwa vizuri kazi yake: hafshafti ya nyuma kulia imekatika; gari limerudishwa kwa magurudumu ya mbele; linasubiri kibali cha ununuzi.

Msomaji asiyejua magari haya anahitaji maelezo mafupi. Hafshafti ni chuma chembamba kinachopeleka mzunguko kutoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu. Katika Land Rover za zamani ndicho kiungo dhaifu kinachojulikana na kila fundi. Dereva wa safari ndefu alibeba cha akiba pamoja na spana chache, na kukibadilisha ni kazi ya saa moja au mbili kando ya barabara. Isitoshe, kikikatika cha nyuma, dereva anayelijua gari lake huingiza gia ya magurudumu manne na kujikokota hadi nyumbani kwa nguvu ya ekseli ya mbele. Ndivyo alivyofanya huyu. Alifika, akaandika, akaegesha. Gari likangoja kibali kwa zaidi ya miaka 30.

Nimeliweka daftari hilo mezani kwangu kwa muda mrefu nikijiuliza swali la kihistoria na si la kiufundi: inakuwaje chombo kilichobuniwa mahususi kwa ajili ya watu wasio na kitu kife kwa kukosa kipande cha chuma?

Maana Land Rover ilizaliwa katika uhaba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa imefilisika. Chuma cha pua na cha kawaida kiligawiwa kwa mgao, na viwanda vilivyoweza kuuza nje na kuleta fedha za kigeni ndivyo vilivyopewa kipaumbele. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, na shambani humo alitumia jipu la Kimarekani lililobaki baada ya vita. Jipu lilichakaa, spea zikawa za kusumbua. Mwaka 1947 wazo la gari jipya likaanza, na gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya jipu la Kimarekani. Kwa kuwa chuma kilikuwa haba, bodi ilitengenezwa kwa bati la aluminiamu. Rangi ya kijani ya magari ya kwanza ilikuwa ya masalia ya jeshi. Bodi ilinyooka kama sanduku ili mabamba yakunjwe kwa mashine rahisi, bila kalibu za gharama kubwa. Likaoneshwa Amsterdam Aprili 1948, likikusudiwa kuwa bidhaa ya muda tu hadi hali itengemae. Kwa kifupi, ni gari la bajeti finyu lililobuniwa na mtu aliyechoka kutafuta spea.

Hapa kwetu liliingia katika nchi iliyokuwa tayari imeshuhudia maziko ya mashine. Mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea ulianza mwaka 1947 kwa matrekta ya mitumba ya vita, mengine yakiwa yamenunuliwa Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kama saruji. Majembe yakavunjika, mashine zikaanguka moja baada ya nyingine. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 35. Wanahistoria hupenda kuutaja kama mfano wa kiburi cha mipango mikubwa, nao wana haki. Mimi huutaja pia kama mfano wa nchi iliyoletewa mashine kabla ya kuandaliwa karakana.

Wakoloni walijifunza jambo dogo kutokana na hayo. Bwana Shauri wa wilaya alihitaji gari moja linalofika, si trekta mia zisizowaka. Land Rover ikawa gari la wilaya, na baada ya Uhuru ikabaki kuwa gari la wilaya. Bendera ilibadilika, kiti kilibaki. Ndilo lililomleta mkuu wa wilaya, bwana shamba, mganga wa chanjo, hakimu na askari. Katika vijiji vingi Serikali ilikuwa na sauti kabla ya kuwa na sura, na sauti hiyo ilikuwa ya injini ya silinda nne ikipanda mlima kwa gia ya pili.

Nirudi kwenye gari langu. Nilijiwekea ukomo wa shilingi 6,000,000 nje ya bei ya mnada, fedha ambazo mhadhiri mwenye watoto watatu shuleni huzipata kwa vipande. Nilivuka ukomo huo kwa zaidi ya milioni moja, na kazi ilichukua miezi 22. Fundi wangu ni mzee wa miaka 67 mwenye gereji isiyo na paa. Humwita Mzee, yeye huniita Dokta, kwa namna ambayo sijawahi kuwa na hakika kama ni heshima au mzaha.

Siku ya kwanza hakugusa injini. Alichukua nyundo ndogo akalala chini, akagonga chasisi kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Palipolia alipita, palipojibu kwa kishindo kizito aliweka alama ya chaki. Bodi ya aluminiamu haipati kutu, na hilo huwadanganya wanunuzi. Chasisi ni ya chuma, ina uwazi ndani, na tope la miaka huingia humo likashika unyevu na kuila kutoka ndani. Mahali ambapo aluminiamu inakutana na chuma penye unyevu, aluminiamu nayo huliwa na kuwa unga mweupe. Tulihesabu alama 17 za chaki. Mchomeleaji alikata sehemu zilizooza na kuweka mabamba ya milimita 3, na kazi hiyo peke yake ilikula shilingi 1,200,000. Nilitamani kuanza na rangi. Mzee alinikataza kwa sentensi moja: rangi haishiki juu ya uongo.

Injini ilikuwa imekwama. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kupitia tundu la plagi moja iliyong'olewa na mtu asiyejulikana. Tuliondoa plagi zote, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, tukaacha wiki tatu. Kila jioni Mzee alichomeka hendeli ya mbele, ile ya kuwashia kwa mkono, akaisukuma kidogo mbele na kidogo nyuma, bila hasira. Siku ya 19 ikasogea upana wa kidole. Injini hii ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 haina kompyuta wala siri. Ina kabureta, distribyuta, pointi na subira. Pistoni mpya, ringi, gasketi na kazi ya kuchonga silinda zilifika 2,400,000. Kabureta hatukununua. Mzee aliichemsha, akaifungua juu ya gazeti, akaisafisha matundu kwa uzi wa breki ya baiskeli. Bushi mbili za shaba zilichongwa Gerezani na kijana aliyepima kwa jicho kwanza, kisha kwa kifaa, vipimo vikalingana.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Alicheka, akataja mwaka 1979. Kizazi chake ndicho kilichorithi gereji katika miaka ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, vita vya Kagera vimemaliza akiba, bei ya mafuta imepanda duniani, na fedha za kigeni hazipo. Spea ilihitaji kibali cha kuagiza, na kibali kilihitaji fedha za kigeni. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, spea zikaanza kurudi madukani, lakini kati ya hapo magari ya nchi nzima yalitembea kwa akili za watu wasio na vyeti. Gasketi zilikatwa kwenye maboksi. Gari moja lilivuliwa viungo ili mawili yatembee. Historia ya uchumi ya miaka hiyo tumeiandika kwa takwimu za pato la taifa na kwa hotuba. Sehemu yake kubwa, naamini, ilifanyika chini ya magari.

Na hapa ndipo daftari la 1993 linaponitatiza. Wakati huo spea zilikuwa zimerudi. Hafshafti ilikuwa inapatikana. Kilichokosekana ni saini. Rafiki yangu aliyetumikia Serikali kwa miaka 28 ameniambia nisiwe mwepesi wa kulaumu: taratibu za ununuzi ziliwekwa kwa sababu ya wizi wa kweli, na ofisa aliyenunua spea bila kibali angeweza kupoteza kazi, ilhali aliyeacha gari lioze hakupoteza chochote. Nakubaliana naye zaidi ya alivyotarajia. Ila naongeza kwamba miaka hiyohiyo ndiyo yalipoanza kuingia magari mapya makubwa ya Kijapani ambayo wananchi waliyabatiza mashangingi. Ni vigumu kuomba kibali cha kulitibu gari kongwe pale ambapo kifo chake ndicho hoja ya kuombea jipya. Sina barua ya kuthibitisha kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa katika ofisi ile. Nina gari tu.

Tulipofika kwenye rangi, tuligombana. Mimi nilitaka kurudisha ile ya kijivu iliyokuwapo na kuziacha herufi ST zisomeke kwa mbali mlangoni, kama mwanahistoria anavyotunza maandishi ya pembezoni. Mzee alikataa. Nilidhani ni suala la polisi wa barabarani, nikamweleza kwamba usajili umeshabadilishwa kihalali. Akakaa kimya, kisha akanisimulia kitu ambacho hakuwahi kukigusia kwa miezi 20.

Yeye ni Mgogo, na baba yake alikuwa kibarua wa kung'oa visiki Kongwa wakati wa karanga. Mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, alikuwa na miaka 13. Hiyo ilikuwa kabla ya tangazo la mwaka 1973 lililofanya kuishi vijijini kuwa wajibu wa nchi nzima kufikia mwisho wa 1976. Tembe lao lilikuwa mbali na mahali palipochaguliwa kuwa kijiji. Anakumbuka kwamba walisikia gari kabla ya kuliona, na kwamba mama yake aliacha kutwanga. Waliotoka ndani ya gari hawakuwa wakali, anasema. Mmoja aliwapa watoto maji. Lakini siku ile ile mizigo ilitolewa nje, na tembe likavuliwa udongo wa paa ili wasirudi. Shule aliyosoma baadaye, na zahanati iliyomtibu, zilikuwa katika kijiji hicho kipya. Hakuitenga habari moja na nyingine.

Nikamuuliza kwa nini, basi, alikubali kulifufua. Akasema gari halikuwa na kosa, na kwamba Land Rover ndiyo iliyomtamanisha ufundi: siku ileile, wakati watu wazima wakibishana, yeye alikuwa amelala chini ya gari akitazama jinsi springi zilivyopangwa.

Nimefundisha somo la Vijiji vya Ujamaa kwa miaka 14. Nina vitabu vya waliousifu mpango ule na vya walioulaani, na huwapa wanafunzi wasome pande zote mbili kisha wachague. Hakuna hata kitabu kimoja kati ya hivyo chenye mtoto aliyelala chini ya gari.

Gari sasa ni la buluu iliyofifia, rangi iliyobaki kwa mpaka rangi wa mabasi aliyetuuzia kwa nusu bei. Herufi zimefutwa, lakini nimeupiga picha mlango kabla ya kufutwa, na Mzee anajua. Kipimamwendo hakifanyi kazi, kifuta kioo cha kulia kinagoma mvua ikiwa kubwa, na breki ya mkono inashika vizuri kuliko nilivyotegemea. Hafshafti mpya ya nyuma kulia ilinigharimu shilingi 180,000 pamoja na usafiri. Ya akiba iko chini ya kiti, mahali palipokuwa na daftari.

Desemba tunakusudia kwenda kwao, mkoani Dodoma. Mama yake mdogo bado yu hai. Mzee ataendesha kuanzia njia panda, lakini ameomba kwamba tukifika karibu tuliegeshe gari kwenye mbuyu wa mnadani, na kipande kilichobaki tutembee kwa miguu.