Walter Scott alikataa kuandika shairi, akajenga dohani

Masizi ya chini ya sufuria kila mtu anayajua: unasugua kwa majivu, yanatoka. Sasa fikiria masizi hayohayo yameganda ndani ya dohani, bomba la moshi la matofali linalopanda kuanzia sebuleni hadi juu ya paa. Yakiwa mazito, cheche moja inatosha. Dohani inawaka kwa ndani, matofali yanapasuka, moto unaingia kwenye mbao za nyumba. Kinga yake tangu zamani ni moja tu: yakwangue mapema.

London ya karne ya 18 ilikuwa ikichoma makaa ya mawe, na kukwangua ilikuwa kazi ya watoto. Dohani nyingi zilikuwa na nafasi ya inchi 14 kwa 9, tena zenye kona. Mtu mzima hapiti humo. Basi mafundi walichukua watoto wa maskini, wakawapandisha kwa magoti na viwiko. Wapo waliokwama wakafa kwa kukosa hewa. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott aliandika juu ya saratani iliyowapata wasafishaji hao sehemu za siri, akaihusisha na masizi.

Wapenzi wa fasihi tunawajua watoto hawa kupitia William Blake, aliyewaandikia shairi mwaka 1789 na jingine mwaka 1794. Tayari sheria ya 1788 ilikataza kumchukua mwanagenzi kabla hajafika miaka 8. Nani aliijali?

Na wala siyo kwamba njia nyingine haikuwepo. Mwanzoni mwa karne ya 19 George Smart alikuwa ameshatengeneza brashi ya vijiti vinavyoungana, inayosukumwa kutoka chini. Wenye nyumba wakagoma: eti brashi haifiki kwenye kona, masizi yatabaki, nyumba zitaungua. Mwaka 1819 Baraza la Malodi liliutupa muswada wa kuwazuia watoto kupanda. Hofu ya moto ikawa kisingizio.

Mwaka 1824 mshairi James Montgomery wa Sheffield alikusanya kitabu cha kuwatetea watoto hao, akawaomba waandishi wenzake wachangie. Charles Lamb hakutuma shairi lake. Alituma lile la Blake la 1789, wakati Blake mwenyewe alikuwa mzee asiyejulikana sana. Walter Scott naye hakutoa shairi. Alijibu kwa barua akieleza alivyojenga nyumba yake ya Abbotsford, kule Uskoti: dohani zake ni za mviringo, na kwa ndani zimepangwa vyungu vya udongo, ili ukatili huo usifanyike kwake.

Mimi naona jibu hilo ni zito kuliko beti nyingi. Dohani ya mviringo haina kona, kwa hiyo hoja ya Malodi inakufa hapohapo. Ila tusimpambe Scott kupita kiasi. Alikuwa akijijengea nyumba mpya, kwa pesa zake. Dohani yake ilimwokoa mtoto ambaye angepandishwa Abbotsford tu. Shairi la Blake lingeweza kuingia nyumba ambayo fundi wa Scott asingefika.

Hata hivyo, shairi peke yake halikutosha. Sheria ya 1840 ilimkataza yeyote aliye chini ya miaka 21 kupanda, na watu wakaendelea kuwapandisha watoto. Mwaka 1863 Charles Kingsley alitoa The Water-Babies, hadithi ya Tom, mtoto msafisha dohani. Mwaka uliofuata sheria ikakazwa tena. Bado hola. Mwaka 1875 mtoto aitwaye George Brewster alipandishwa kwenye dohani ya hospitali huko Fulbourn, karibu na Cambridge, akakwama. Walimtoa, akafa. Bwana wake alifungwa, na mwaka huohuo ikapita sheria ya kumtaka kila msafishaji awe na leseni, polisi wakihusika kuisimamia. Hiyo ndiyo iliyofanya kazi.

Methali inasema pafukapo moshi pana moto. London ilijua moshi unakotoka, ilijua moto unavyozuiwa, na brashi ilikuwa nayo zaidi ya miaka 50 kabla ya Brewster kupanda. Ukisoma tena mashairi ya Blake, soma na tarehe hizo pembeni.