Sabufa ya wati 5000: namba za kwenye boksi zina maana gani?

Naomba niongelee kitu kinachotula hela kimyakimya: namba za kwenye maboksi ya sabufa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijichanga kwa kuuza asali hapa Tabora mjini, nikanunua sabufa ya kukodisha kwenye shughuli. Boksi linasema wati 5000 PMPO. Harusi ya kwanza tu, chini ya mwembe, ikaanza kukwaruza hata bibi harusi hajaingia. Tukaazima mziki wa jirani wenye wati 80, ukamaliza shughuli. Mimi nikarudisha hela ya watu.

PMPO: eti nguvu ya juu kabisa ya kufumba na kufumbua. Haina kanuni moja, kila kiwanda kinapiga hesabu yake. Ipuuze.

RMS: nguvu inayotoka mfululizo. Hii afadhali, ila uliza imepimwa spika ikiwa imeanza kukwaruza au bado. Marekani waliweka sheria ya kutangaza wati za amplifaya mwaka 1974, na 2024 wakaikaza: ukwaruzaji usizidi asilimia 1.

Desibeli: ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili, unahitaji karibu wati mara kumi! Spika yenyewe nayo ina uzito wake: inayotoa desibeli 90 kwa wati 1, umbali wa mita 1, ikipewa wati 25 inalingana na ya desibeli 84 iliyopewa wati 100.

Masafa: wanaandika 20 Hz hadi 20 kHz. Bila kusema sauti inapungua kiasi gani huko mwishoni, namba hiyo haikusaidii. Besi inaweza kuwepo, usiisikie.

Na hata namba za kweli hazijui utapiga wapi. Chumbani ukuta unarudisha besi. Uwanjani inapotelea hewani.

Wazee wetu wa njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji kupitia hapa, walipima merikani kwa mikono: doti moja mikono minane. Lakini mkono wa nani? Mwenye mkono mfupi alikupunja, na hesabu bado ilikuwa nane.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela:
1. Geuza nyuma usome lebo ya umeme. Haitakupa wati kamili za spika, ila ikisema 60 na boksi 5000, shtuka. Hakuna chombo kinachotoa mfululizo zaidi ya kinachokula.
2. Nenda na wimbo unaoujua vizuri.
3. Ongeza sauti hadi kiwango utakachotumia, iache dakika kumi.
4. Sogea nje ya duka, usikilize maneno, sio mdundo tu.

Namba zikuchagulie za kujaribu, masikio yaamue. Je wewe ulishapigwa na wati ngapi? Tiririka hapo chini.