Ukungu wa Kogo

Kogo, yaani nyanya yangu, alipofariki, nilipewa kazi ya bango la mazishi. Tulikuwa na picha yake moja tu, ya filamu nyeusi na nyeupe: amesimama Longisa asubuhi, ukungu nyuma yake. Nikafuta chembechembe zote, nikapaka ukungu mpya kwa brashi laini. Aki, ukatoka na mistari kama matuta ya shamba.

Sababu ni hesabu. Picha ya biti 8 ina viwango 256 tu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Ukungu wangu ulianzia 200 ukaishia 220: hatua 20 kwenye pikseli 2,000, kila moja pana kama pikseli 100. Jicho linaziona.

Dawa yake ni ya zamani kuliko Photoshop, iliyotoka 1990. Mwaka 1962 Mmarekani Lawrence Roberts alichapisha njia ya kutia chembe za kubahatisha kwenye picha ili ngazi hizo zivunjike. Filamu ilikuwa nazo tangu zamani: chembe za fedha.

Basi nikahamia biti 16, nikapaka upya, nikatia chembe kidogo kabla ya kupeleka kwa printa. Mistari ikapotea. Kumbe zile nilizofuta nikidhani ni uchafu ndizo zilizokuwa zimeushika ukungu.