Mswaki wa Mama na Dawa ya Meno Iliyomkataa Mjukuu



Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya majahazi ya Sur, na karatasi zake zimo mezani hadi leo. Lakini nyumbani kwetu hapa Maskati limetokea jambo dogo lililonishughulisha zaidi ya majahazi, nalo ni kinywa cha mjukuu wangu.

Binti huyu ana umri wa miaka 9. Kwa muda wa takriban mwaka mmoja alikuwa hatoki katika vidonda vya mdomo. Kimoja kikipona chengine huzuka, na pembe za midomo zikawa nyekundu na kupasuka. Mama yake alimkataza maembe, kisha achari, kisha machungwa. Bibi yake alishikilia kuwa ni joto la tumbo. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa sina elimu ya tiba. Mwisho daktari wa meno aliuliza suali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria: mtoto anatumia dawa gani ya meno?

Aliagiza apige mswaki kwa maji matupu kwa wiki 4. Vidonda vikapungua. Kisha akapelekwa kwa daktari wa ngozi, ambaye alimbandika mgongoni viraka vidogo vyenye vitu mbalimbali, vikakaa siku 2, na siku ya 4 mgongo ukasomwa tena. Mahali palipowekwa mafuta ya nanaa palikuwa pekundu na pamevimba. Nanaa hiyohiyo tunayoitia katika chai!

Katika orodha ya vitu vilivyobandikwa niliona kimoja kilichonifanya nicheke peke yangu katika chumba cha kungojea. Kilikuwa ni yujenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta ya karafuu. Wazee wetu walivuka bahari kwa ajili ya karafuu; Sayyid Said bin Sultan aliwahimiza watu kuipanda, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kulisha soko. Jino likiuma, kwetu hubanwa punje ya karafuu kati ya meno mpaka ganzi ishike, na madaktari wa meno nao wamekuwa wakichanganya mafuta yake na unga wa zinki ili kuziba jino kwa muda. Leo karafuu imo katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa, pamoja na mdalasini. Alhamdulillahi, mgongo wa mtoto uliikubali karafuu. Lau ungeikataa, sijui ningewaeleza vipi marehemu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta vitu viwili: dawa ambayo mtoto anaweza kuitumia, na habari za jinsi watu wetu walivyosafisha vinywa vyao kabla ya dawa hizi kuwafikia. Niliyoyapata katika la pili yalinisaidia katika la kwanza, ingawa si kwa namna niliyotarajia.

Nianze na maneno, maana ndiyo elimu niliyonayo. Sisi tunasema “dawa ya meno”. Waarabu wa hapa husema maajuni, yaani kitu kilichokandwa. Kwetu Waswahili kikawa ni dawa, na nani atakayeishitaki dawa? Ama chombo chenyewe cha kusugulia, tunakiita mswaki, hata kikiwa cha plastiki kilichotoka China. Neno hili ni la Kiarabu, miswaak, nalo ni umoja. Wingi wake ni masaawiik. Lakini sikio la Mswahili liliposikia “mi-” mwanzoni likadhani ni wingi, kama miti na mikate, likajitungia umoja wake: mswaki mmoja, miswaki miwili. Mwalimu wangu wa nahau alikuwa akilicheka sana kosa hili. Mimi naliona si kosa, ni hati ya kumiliki.

Miswaki inayouzwa hapa hutokana na mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Waarabu huuita araki, na watu wa Oman husema raki. Humea penye ukame na chumvi, Arabuni, India na Afrika ya Mashariki. Mzizi wake ukitafunwa huwa mkali kidogo kama haradali, wala si kwa bahati, kwani ukali wote wawili hutoka katika jamii moja ya kemikali. Watafiti wa Karolinska Institutet, Sweden, walichapisha mwaka 2011 kwamba kemikali hiyo ya ukali iliyomo katika mizizi ya mswaki huua baadhi ya bakteria wa kinywani. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miaka ya 1980, lilipendekeza utumiwe pale ambapo watu wameuzoea.

Sina haja ya kuwakumbusha wasomaji nafasi yake katika dini. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliusisitiza mno, na katika saa zake za mwisho aliuangalia mswaki uliokuwa mkononi mwa Abdurrahman bin Abi Bakr, Bibi Aisha akafahamu, akautafuna ukalainika, akampa. Mafakihi wa Kishafii wakaja wakajadili mpaka saa ya kuutumia kwa aliyefunga. Nakumbuka vizuri Ramadhani za Unguja: bibi yangu akipiga mswaki asubuhi, na jua likishapinduka hauonekani tena mkononi mwake mpaka magharibi.

Tusidhani pia kwamba Waislamu wa zamani walijua kijiti tu. Ziryab, yule mwimbaji aliyehama kutoka Baghdad akafika Cordoba katika karne ya 9, husimuliwa kuwa ndiye aliyewazoesha watu wa Andalusi dawa ya meno yenye ladha nzuri. Na Abu al-Qasim al-Zahrawi, katika kitabu chake cha al-Tasrif, alieleza jinsi ya kukwangua ukoga uliogandamana na meno, akachora na vyuma vya kazi hiyo. Kwa hiyo hamu ya kutia ladha tamu katika dawa ya meno haikuanza na viwanda.

Nyumbani kwetu Unguja, nilipokuwa mtoto, palikuwa na njia nyingi. Mswaki wa mti ulikuwa wa wakubwa. Sisi watoto tulipewa mkaa wa kifuu uliopondwa na chumvi kidogo, tukausugua kwa kidole na kutema nyuma ya nyumba. Wengine walitumia kijiti cha mwarobaini, kichungu hata kumtoa mtu machozi. Bibi alikuwa akitafuna tambuu, na kila aliyekaa na watafunaji anajua kwamba chokaa ikizidi kinywa huchubuka. Hapo bibi hulaumu chokaa, huipunguza, akaendelea. Hilo ndilo ninalolifikiria sana sasa. Wale wazee walikuwa wanajua kwamba kitu kinachoingia mdomoni kila siku kinaweza kuwa ndicho kinachouunguza. Sisi tuliosoma tulilisahau, kwa sababu chetu kilikuja ndani ya boksi.

Boksi lenyewe si la zamani sana. Kampuni ya Colgate ilianza kuuza dawa ya meno ndani ya mitungi midogo mwaka 1873. Mwaka 1892 daktari wa meno Washington Sheffield wa Connecticut, Marekani, alianza kuitia katika mrija wa kubinya, namna ya ile ya rangi za wachoraji, na Colgate wakafuata mwaka 1896. Povu hapo mwanzo lilitokana na sabuni. Kiasi cha katikati ya karne ya 20 sabuni iliachwa, ikaingia kemikali iitwayo sodiamu laurili salfeti, ambayo kwenye maboksi wengi huifupisha SLS. Mwaka 1955 ikaanza kuuzwa Marekani dawa ya Crest yenye floraidi, nayo hii floraidi ndiyo faida kubwa ya mrija wote, kwa kuwa huimarisha gamba la jino lisioze. Povu na nanaa havizuii kuoza. Vimewekwa ili mtu ahisi kwamba amesafika.

Sasa nifike pale ambapo kalamu ni nzito.

Mimi nilifika Maskati mwaka 1976 nikiwa na miaka 18, nikapata kazi ya ukarani. Mama alinifuata miaka 3 baadaye, na katika mzigo wake palikuwa na kifungu cha miswaki kilichofungwa kwa ukili. Nilipopata nyumba yenye bomba na kioo, nikaweka mrija wa dawa ya meno na burashi mpya kwa kila mtu. Mama alijaribu. Akaniambia, “Mwanangu, dawa yako inaniwasha ulimi.” Nikamjibu, “Utazoea, Mama.” Aliniambia tena mwaka uliofuata, na mwengine tena. Nikabadilisha mrija wa bluu nikamletea mwekundu, nikaona nimetenda haki. Alikuwa akila wali wake bila pilipili na kuacha chai ipoe kabisa ndipo anywe, sisi tukasema ni uzee. Mswaki wake ulipokwisha sikuuleta mwengine, ilhali ulikuwa ukiuzwa Mutrah kwa baisa chache, mwendo mdogo kutoka ofisini kwangu.

Alifariki mwaka 1994. Mwaka huohuo watafiti wawili wa Norway walichapisha uchunguzi mdogo wa watu 10 wenye vidonda vya mdomo vya mara kwa mara: walipotumia dawa isiyo na SLS, vidonda vyao vilipungua. Tafiti zilizokuja baadaye hazikukubaliana zote, lakini hoja yake ni nyepesi kufahamika. Povu lile huondoa utando mwembamba wa ute unaokinga nyama ya kinywa, na kwa watu wenye kinywa chepesi hiyo inatosha kuwachubua. Hii si aleji, ni mchubuko, kama ule wa chokaa ya tambuu. Aleji ni ile ya mjukuu wangu na nanaa, ambapo mwili wenyewe unakitambua kitu na kukipiga vita, hata kikiwa kidogo. Daktari alinieleza kwamba tofauti hii ni muhimu: anayechubuliwa na povu huweza kupona kwa kubadilisha dawa tu, lakini mwenye aleji hana budi kukijua kitu chake kwa jina na kukiepuka mpaka katika peremende na chai.

Basi tulianza kutafuta. Mimi, kwa ujuaji wa wazee, nilipendekeza mkaa na chumvi. Daktari wa meno alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba chembe za mkaa hukwaruza gamba la jino, na likishalika halioti tena. Nikakumbuka meno ya bibi yangu yalivyokuwa mafupi na ya manjano, nikanyamaza. Magadi ya unga ya kuokea mikate aliyaona hayana ubaya mkubwa, ila hayana floraidi. Mswaki wa mti aliukubali, kwa sharti usiwe peke yake, maana floraidi iliyomo ndani yake haitoshi mtoto anayeota meno ya ukubwani. Akaonya pia kwamba hata huo unaweza kumuwasha mtu, kwa hiyo tuujaribu kidogo kidogo.

Nilidhani nimepata njia ya mkato nilipoona dukani dawa yenye picha ya mti wa araki na maneno ya Kiarabu yanayosema ni ya asili. Miaka yangu yote nimekula mshahara kwa kusoma herufi ndogo, basi nikavaa miwani nikasoma. Mlikuwa na mswaki, naam, na nanaa, na SLS. Nanaa nayo ni ya asili! Na mara nyengine haitajwi kwa jina. Huandikwa “aroma” au “flavor” tu, na ndani yake huwemo mentoli, karvoni ya nanaa, au mdalasini. Mwenye aleji asipolijua hili atabadilisha boksi baada ya boksi, kama nilivyombadilishia Mama bluu kwa nyekundu.

Tulichokipata hatimaye ni dawa isiyo na ladha wala SLS, lakini yenye floraidi, ambayo duka la dawa lilituagizia. Mtoto huweka kiasi cha punje ya njegere, haitoi povu, na siku za mwanzo alilalamika kuwa ni kama kusugua meno kwa chokaa ya ukutani. Amezoea. Neno hili “amezoea” limenichoma kulitamka, lakini yeye kinywa chake kimepona.

Adhuhuri hukaa nami barazani tukapiga mswaki wa mti. Nimemfundisha kumenya gome kiasi cha upana wa ukucha, kutafuna mpaka nyuzi zifunguke, kusugua kuanzia kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino bila kuuchokonoa ufizi, na kukata ncha iliyochakaa kila siku. Aliniuliza kwa nini vitu viwili visivyofanana vina jina moja. Nilimweleza habari ya “mi-” na masaawiik, alisikiliza nusu.

Nawaomba wenye asili ya Lamu, Mombasa na Pemba waniandikie ni mti gani ulitumiwa kwao, na uliitwaje. Na kama kuna mzee nyumbani anayesema dawa inamuwasha, mpelekeni kwa daktari pamoja na boksi lake. Majahazi ya Sur yatafuata mwezi ujao, inshaallah.